Mama Masjala Anajibu: Jina Moja, Kazi Mbili

Mwezi huu barua zilizoletwa mezani kwangu karibu zote zinahusu majina. Nilianza kazi dirisha la kadi kwenye hospitali ya mkoa mwaka 1984, nikastaafu mwaka 2017 nikiwa masjala ya halmashauri, na miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa ileile: jalada limfikie mwenyewe, lisimfikie wajina wake. Kwa hiyo barua hizi nimezisoma kwa moyo wote. Nimechagua nne. Majina ya walioandika nimeyahifadhi, isipokuwa la binti wa Morogoro, maana swali lake ni hilohilo jina.

Shikamoo Mama Masjala. Mimi ni muuguzi wa stashahada, nipo Singida. Nimehitimu 2021 na tangu hapo najitolea kwenye kituo cha afya. Mwezi Machi kaka yangu alinitumia skrinishoti WhatsApp: jina langu, yote matatu, kwenye orodha ya walioitwa kazini. Nililia kwa furaha. Jumapili mama alitoa shukrani kanisani, baba akachinja mbuzi. Jumatatu nilipofungua tangazo lenyewe nikakuta jina lile liko chini ya Mhandisi Daraja la II, Maji. Si mimi, ni dada mwingine kabisa. Sasa mtaani wananiita "Injinia" kwa kunikebehi. Namba ya simu ya huyo dada nimeipata kwa mtu, lakini sijathubutu kumpigia. Nafikiria kubadilisha jina langu la kati ili yasinikute tena. Nishauri, Mama.

Marahaba mwanangu, na pole sana. Miaka yote hiyo ya kujitolea bila mshahara si mchezo, naelewa kwa nini machozi yalikutoka kabla hujasoma mara ya pili. Baba yako naye asijutie mbuzi wake. Alimchinja kwa kumpenda mwanawe, na wewe bado ni mwanawe.

Kilichokosewa ni kidogo mno. Tangazo la kuitwa kazini hupangwa kwa safu: namba, mamlaka ya ajira, kada (yaani aina ya kazi), kisha majina. Kaka yako aliona jina, akakata picha pale pale, safu ya kada ikabaki nje. Siku nyingine mtu akikutumia kipande, mwombe tangazo zima, utafute kada yako, Afisa Muuguzi Msaidizi, ndipo ushuke kwenye majina. Kisha ingia kwenye akaunti yako mwenyewe ya Ajira Portal, ule mfumo wa kuombea kazi serikalini. Ya kwako yatakuwa humo.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka 1991, idara ya wagonjwa wa nje ikiwa imefurika, walikuja dirishani kwangu wanawake wawili wenye majina sawa, la kwanza, la baba na la babu. Walipishana mwaka mmoja kwa umri na walitoka kata moja. Nilitoa majalada mawili yakiwa yamebebana. Lile la juu nikampa wa kwanza, akaingia nalo kwa daktari, akatoka ameandikiwa sindano ya penisilini. Chumba cha sindano muuguzi wa zamu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, aliita jina. Wakasimama wawili. Yule mama hakuuliza nani kafika mwanzo. Alifungua jalada, akapitisha kidole kwenye mistari ya juu iliyojazwa kwa kalamu: Jina. Umri. Kabila. Balozi wa nyumba kumi. Kazi. Kidole kikasimama kwenye Kazi. Akauliza, "Mwalimu ni yupi kati yenu?" Mwenye karatasi ya sindano mkononi akasema, "Mimi nauza samaki, nesi." Muuguzi akaweka bomba la sindano kwenye sinia, akaletewa jalada la pili. Kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada la muuza samaki kulikuwa na maneno ya wino mwekundu: ASICHOMWE PENISILINI.

Jalada lisilo lake nililitoa mimi, kwa mkono wangu. Kilichomwokoa mama yule ni neno moja kwenye mstari wa Kazi, na muuguzi aliyekuwa na subira ya kulisoma. Tangu siku ile sikumpa mtu jalada kwa jina peke yake hata akiwa amekuja anakimbia.

Nimekusimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, wewe ni muuguzi, na siku utakapoita jina wodini wakaitika wawili, utanikumbuka. Pili, ujue kwamba kufanana jina si msiba, ilimradi kila mmoja ana kitu kingine cha kumtambulisha. Na wewe unavyo vingi. Namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Hata huyo dada angezaliwa siku moja na wewe, tarakimu zinazofuata zingewatenganisha. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne imebeba namba ya shule, namba yako wewe mtahiniwa, na mwaka. Juu ya hizo una usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wakati yeye anahusika na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ofisi inayofanya kazi yake vizuri haiwezi kuwachanganya.

Kuhusu kubadilisha jina, ushauri wangu ni usifanye. Sheria inaruhusu, kuna hati ya kubadili jina na inasajiliwa. Lakini cheti chako cha kidato cha nne kitabaki na jina la zamani, cha chuo vilevile, leseni vilevile, na kila dirisha utakalofika utaanza kueleza kwa nini karatasi hii inasema hivi na ile inasema vile. Nimewapokea wengi wa namna hiyo, wamebeba bahasha nene kama matofali. Na jina la kati unalotaka kulitoa, mwanangu, ni la baba yule yule aliyechinja mbuzi.

Mpigie huyo dada. Jitambulishe kwa jina, atacheka mwenyewe. Huenda na yeye ameshapigiwa simu za watu wanaokutafuta wewe. Kubalianeni kwamba kila mmoja kwenye wasifu wake na barua pepe ataweka kada mbele ya macho ya msomaji: huyu Afisa Muuguzi Msaidizi, huyu Mhandisi. Akipata simu yako akuelekezee, na wewe umfanyie hivyo. Ila namba za NIDA msipeane. Hiyo si ya kumtajia mtu kwenye simu, hata akiwa wajina.

Na hao wa mtaani? Watu wetu siku zote wametofautisha wajina kwa kazi zao. Nilikoishi mimi walikuwapo Asha Nesi na Asha Mwalimu, Juma Fundi na Juma Dereva, na barua zilifika. Wakikuita Injinia, waambie kwa upole kwamba jina hilo lina mwenyewe. Kwa sheria ya mwaka 1997 mtu hajiiti mhandisi mpaka bodi imsajili, na kufika kuwa mhandisi mtaalamu kunataka miaka ya kazi chini ya usimamizi baada ya shahada. Dada yule ameitolea jasho, kama wewe ulivyoitolea leseni yako. Waambie wakuite Nesi, wewe si wa kuazima cheo cha mtu.

Mama, mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi Mwanza. Bibi yangu ananiita "somo" kwa kuwa nimepewa jina lake. Huku nikisema "huyu somo yangu" wananicheka, wanasema somo ni hesabu na historia, niseme "wajina". Nani yuko sahihi?

Nyote. Wajina ni mtu mliyechangia jina, na somo ni huyohuyo. Lakini somo la Pwani lina uzito zaidi, maana kungwi anayemfunda mwari naye huitwa somo. Kwa hiyo bibi anapokuita somo, pamoja na jina anakuambia kwamba kuna mambo yake anataka uyabebe. Bibi yangu mimi alikuwa mkunga wa jadi, na sababu ya mimi kwenda kuomba kazi hospitali badala ya posta ni kwamba aliniita somo tangu nikiwa mtoto wa kutambaa. Endelea kumwita hivyo. Huko Mwanza watazoea.

Salaam Mama Masjala. Niko Tabora. Mimi na mdogo wangu tulipewa sote jina la babu. Yeye ni mtoto wa baba mdogo, ambaye alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Akalelewa kwetu, akaandikishwa shule kwa jina la baba yangu. Basi sisi wawili ni jina moja kuanzia la kwanza hadi la tatu. Nyumbani mimi ni Mkubwa, yeye ni Mdogo. Nilifaulu kidato cha nne, sasa niko mwaka wa tatu uhandisi ujenzi. Yeye alipata sifuri, na anataka kuingia chuo cha uuguzi kwa cheti changu. Mama anasema sisi ni damu moja na jina lililo kwenye cheti ni lake pia, hakuna anayeibiwa. Sijui nitamkataliaje.

Kataa, mwanangu. Kataa wiki hii, kabla cheti hakijatoka kabatini.

Mwaka 2017, miezi yangu ya mwisho kazini, kulikuwa na uhakiki wa vyeti vya watumishi. Masjala tulikesha tukitoa nakala. Aprili 28 taarifa ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dodoma, na wote tunakumbuka ile hesabu ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini kulikuwa na hesabu ya pili ambayo watu wameisahau, na hiyo ndiyo inayokuhusu: vyeti 1,538 vilikutwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Gawanya mwenyewe. Kila cheti kimoja, watu wawili. Na katika wawili hao, hata yule aliyekikalia darasani kihalali, jina lake lilikuwa ndani ya orodha ileile. Hivyo usifikiri unampa Mdogo kitu ambacho wewe unabaki nacho. Jina limefanana, ila namba ya mtihani ni moja, shule ni moja, mwaka ni mmoja. Siku mfumo ukikuta namba moja iko kwa muuguzi na kwa mhandisi, mtaitwa wote wawili, na Bodi ya Wahandisi itakuuliza kabla hujasaini mchoro wa kwanza.

Hilo ni la kwako. La wagonjwa ndilo linaloninyima usingizi. Mama asije akadhani uuguzi ni kushika mkono wa mgonjwa na kumpa pole tu. Mtoto ameletwa usiku, ana degedege, uzito kilo 12. Muuguzi anazidisha miligramu kwa kilo, anageuza kuwa mililita, anavuta kwenye bomba, na nukta ikikaa pasipo pake mtoto amepata dozi mara kumi. Hesabu ile haiulizi jina la kwenye cheti. Mwambie Mama hivyo hivyo, kwa maneno haya haya, na umwambie mtoto huyo anaweza kuwa mjukuu wake.

Mdogo hajafungiwa njia. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aweke nguvu kwenye Baiolojia, Kemia na Fizikia, kwa kuwa vyuo vya afya huanza kutazama hapo. Wewe uko mwaka wa tatu uhandisi, Fizikia unayo. Badala ya cheti mpe saa mbili kila likizo, mezani, na daftari. Na kama darasa limemchosha, VETA wana ufundi wa kila namna, na fundi umeme mzuri halali njaa.

Kuna jambo jingine limenikaa rohoni katika barua yako. Baba yako mdogo amefariki, na jina lake halipo popote kwenye karatasi za mwanawe. Wazazi wako walimwandikisha vile kwa mapenzi, wala siwalaumu, nimeona familia nyingi zikifanya hivyo ili mtoto asijione yatima. Lakini sasa ni mtu mzima. Muulize kama angependa kubeba jina la baba yake. Kama cheti chake cha kuzaliwa hakijawahi kutolewa, pa kuanzia ni RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, na mzee wa ukoo anayejua habari zote aende naye. Tofauti kati ya cheti hicho na karatasi za shule wataielezea kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Nilisema juu kwamba bahasha nene inachosha, na bado inachosha. Ila kuna bahasha ambayo mtu anaibeba kwa kuwa ndani yake yumo baba yake.

Mama Masjala, shikamoo. Naitwa Florence, nina miaka 17, Morogoro. Baba aliniita hivi kwa ajili ya Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa Uingereza, kwa sababu muuguzi mmoja alimhudumia vizuri sana mama wakati wa kunizaa. Nimefaulu kidato cha nne. Mimi nataka PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) nikasome uhandisi wa umeme. Baba anasema jina nililopewa lina deni, nichague PCB, yenye Baiolojia badala ya Hisabati, niwe muuguzi. Nampenda baba, sitaki kumvunja moyo.

Marahaba Florence. Baba yako ana moyo wa shukrani, na hiyo ni mali. Msomee yafuatayo ukiwa umekaa karibu naye.

Florence Nightingale hakupewa jina la muuguzi yeyote. Alizaliwa Mei 12, 1820, katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake Waingereza wakiwa safarini, wakampa jina la mji. Dada yake aliyezaliwa Naples wakamwita Parthenope, jina la kale la Kigiriki la mji huo. Hata Nightingale halikuwa jina la asili la baba yake. Alizaliwa akiitwa Shore, akalibadilisha mwaka 1815 ili arithi mali ya mjomba wa mama yake. Na binti aliposema anataka uuguzi, wazazi walikataa kwa miaka. Alikuwa na umri wa miaka 31 alipopata mafunzo yake Kaiserswerth, Ujerumani. Kwa hiyo baba akitaka ufuate nyayo za yule mama, nyayo zenyewe ni za binti aliyeshikilia kazi aliyoichagua huku akiendelea kuwaheshimu wazazi wake.

Sasa tazama wajina wake. Huko Kanada alizaliwa msichana aliyeitwa Florence Nightingale Graham, kwa heshima ya muuguzi huyo. Alijiunga na mafunzo ya uuguzi Toronto, akayaacha. Mwaka 1910 alifungua duka lake la urembo Fifth Avenue, New York, na dunia inamjua kwa jina la Elizabeth Arden. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na Barack Hussein Obama, mchumi, aliyefanya kazi Wizara ya Fedha na kufariki Nairobi mwaka 1982. Mwanawe alichukua jina zima, akawa mwanasheria, kisha Rais wa Marekani.

Lakini jambo ninalotaka baba alisikie zaidi ni la Scutari, Uturuki, kwenye hospitali ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Crimea. Mwaka 1854 Nightingale alifika pale na wauguzi 38, akakuta askari wanakufa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Walifua mashuka, walipika, walisafisha, na bado watu walikufa, kwa sababu hospitali ilikuwa imekaa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Machi 1855 ikaja tume ya afya kutoka London, na ndani yake alikuwamo mhandisi, Robert Rawlinson. Mifereji ikazibuliwa, hewa ikapewa njia, vifo vikashuka sana. Mwaka huohuo mhandisi Brunel alibuni hospitali nzima ya mbao iliyosafirishwa vipande vipande kutoka Uingereza na kusimamishwa Renkioi, hukohuko Uturuki, ikiwa na mifereji yake na njia za hewa. Nightingale mwenyewe alilielewa somo hilo. Baadaye aliandika sana kuhusu madirisha ya wodi, maji na mifereji.

Baba anamshukuru muuguzi aliyewapokea wewe na mama. Mimi niliwaona wauguzi wa namna ile wakizalisha kwa taa ya chemli, mmoja ameishika na mwingine anafunga kitovu, umeme ukiwa umekatika tangu saa mbili usiku. Waulize walichokuwa wanaomba usiku ule: kwanza mama apone, pili mtu wa umeme aje. Ukiwa mtu huyo, deni la baba litakuwa limelipwa mlangoni pa wodi ileile.

Dirisha la kubadilisha tahasusi kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, halikai wazi muda mrefu. Baba akitoka kazini leo mpe maji, msomee barua hii, kisha mwombe akae nawe wakati unaingiza PCM. Aibonyeze yeye.